Pikipiki Iliyozimika Kona ya Mringaringa

Fundi Sifael hana kibao. Kwa miaka kumi na tisa ametengeneza pikipiki hapa Sakina, kando ya barabara ya Nairobi, chini ya bati nne zilizoegemezwa kwenye ukuta wa duka langu, na hajawahi kuandika popote kwamba yeye ni fundi. Ukimuuliza kwa nini, anakujibu, "Anayenihitaji atauliza." Na kweli watu wanauliza, ila anayeulizwa ni mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayekaa mlangoni. Naitwa Ruth, nauza spea. Toka asubuhi hadi jioni nauza plagi, oili na nyaya za klachi, na kunyoosha kidole: fundi yule pale.

Ni mtu wa Umeruni, mrefu, mkimya kupita kiasi, mwimbaji wa besi kwenye kwaya ya usharika wao. Kukaa naye jirani kunahitaji uvumilivu. Mteja akija na haraka zake, Sifael haongezi mwendo hata kidogo. Na ana desturi moja ambayo zamani ilikuwa inanichekesha. Pikipiki yoyote ikiletwa, hata kama mwenyewe analalamikia taa ya nyuma, Sifael kwanza anafungua kifuniko cha tenki, anainama, anachungulia ndani kwa jicho moja, anafunga, ndipo anauliza shida ni nini. Alianza hivyo baada ya jamaa mmoja kusukuma pikipiki toka Ngaramtoni hadi hapa. Sifael aliichambua injini nusu nzima, halafu akagundua kwamba tenki halina petroli hata tone. Tulimcheka mwezi mzima. Toka siku hiyo anaanza na kifuniko.

Mwaka jana mwezi wa saba, kwenye ile baridi inayotufanya tuuze chai kuliko spea, alikuja Joel na pikipiki nyekundu. Niliijua ile pikipiki kabla sijamjua yeye. Ilikuwa ya kaka yake, Nelson, aliyekuwa anashusha maziwa toka kijijini kwao mlimani, juu ya Tengeru, kuyapeleka kituo cha kukusanyia maziwa kule barabara kuu. Nelson alikuwa mteja wetu wa siku nyingi. Alikuwa anapita vituo vyote vya mafundi mjini anakuja kwa Sifael, kwa sababu ni wa kijiji kimoja.

"Shikamoo dada Ruth. Fundi yupo?"

"Marahaba. Huyo hapo, labda awe amelala na macho wazi."

Sifael alikuwa ameshafungua kifuniko, ameshachungulia, ameshafunga.

"Inanizingua, fundi," Joel akasema. "Inazima. Nikishapeleka maziwa, narudi zangu vizuri, najaza mafuta, napanda. Nikifika Kona ya Mringaringa, kimya. Napiga kiki mpaka mguu unauma. Baada ya nusu saa inawaka yenyewe kama hakuna kilichotokea."

"Pale tu?" nikamuuliza.

"Pale tu, dada. Toka nimeanza kuiendesha mwezi wa tano. Haipungui hatua kumi, haizidi hatua kumi."

Nilimtazama Sifael. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, na alikuwa ameshamaliza kuifuta, lakini aliendelea.

Inabidi nieleze. Kona ya Mringaringa ndipo alipofia Nelson. Jina linatokana na mti uliokatwa zamani, limebaki gogo tu, na watu wa kule hawakupapenda pale hata kabla ya Nelson. Asubuhi moja ya ukungu, saa tatu na nusu, Nelson alikuwa anapanda na madumu matupu. Lori la mawe lilikuwa linashuka. Dereva alisema hakusikia honi wala injini. Aliona tu mtu amesimama katikati ya barabara na pikipiki yake, tena karibu mno. Akashindwa kulizuia. Pikipiki ilirushwa pembeni ikapona, ikafungiwa ndani zaidi ya mwaka, mpaka Joel alipoitoa.

Kilichoimaliza ile familia hakikuwa kifo peke yake. Kilikuwa lile swali: alisimama pale kwa nini? Baba yao marehemu alikuwa mzee wa kanisa. Watu wakaanza kunong'ona kwamba Nelson alikuwa amelewa, saa tatu asubuhi. Wengine, wenye midomo michafu zaidi, wakasema alisimama makusudi. Mama yake, Mama Magreth, aliyasikia yote hayo msibani, kwenye kiti chake, na masikio yake ni mazima.

Sifael hakwenda kuzika. Alisema ana malaria. Hakuwa na malaria, nilimwona siku nzima hapa anaosha plagi zilizokuwa safi. Siku mbili kabla ya ajali Nelson alikuwa ameleta pikipiki kwake, na Sifael alikuwa ameigusa breki. Mwaka mzima na zaidi baada ya hapo mtu huyu alikuwa akinigeukia ghafla, katikati ya kazi nyingine kabisa, na kuniambia, "Zile breki niliziacha vizuri." Namjibu, "Najua." Kesho kutwa ananiambia tena.

Basi akaichukua ile pikipiki. Akaiwasha, ikawaka. Akaiacha ingurume, ikanguruma mpaka majirani wakalalamika. Akabadilisha plagi. Akasafisha kabureta. Akaipeleka Kisongo na kurudi, ikaenda bila kukohoa. Joel akaichukua, na siku ya pili akanipigia simu: imezima, Kona ya Mringaringa. Ikarudishwa. Sifael akafungua kifuniko, akachungulia, akafunga. Akabadilisha koili. Ikaenda mlimani, ikazima. Mara ya tatu Joel alipoileta, hakutaka kukaa.

"Fundi, nikwambie ukweli. Mimi si wa kuogopa ogopa. Lakini mama anakuja pale."

"Anakuja wapi?"

"Pale kona. Akisikia naanza kupanda, anatoka nyumbani, anakuja anasimama. Pikipiki ikizima, anaweka mkono kwenye tenki anaongea nayo. Nikipiga kiki ananikataza. Ananiambia mwache kwanza, mpe muda."

Mimi ni Mpare, nimelelewa na bibi aliyekuwa anatuambia mizimu ni kazi ya watu wasio na kazi. Nilicheka. Kicheko kilitoka vibaya, na hakuna aliyenifuata. Sifael alikuwa amekaa kwenye kopo lake la rangi lililogeuzwa, anaangalia pikipiki.

"Kesho nitapanda na wewe," akamwambia Joel. "Nataka niione ikizima." Halafu akanigeukia. "Dada Ruth, twende wote."

"Mimi niende kufanya nini? Kushika tochi saa nne asubuhi?"

"Twende tu," akasema. Nilimwona anaogopa, na sikuwahi kumwona Sifael anaogopa kitu chochote. Nikafunga duka.

Nina pikipiki yangu, naendesha mwenyewe, na wanaume wa Sakina wameshachoka kushangaa. Kesho yake tulikutana na Joel pale barabara kuu, madumu yake yakiwa matupu. Akaingia kituo cha mafuta, akajaza tenki mpaka juu kama anavyofanya kila siku. Sifael akapanda nyuma yake. Mimi nikawafuata.

Barabara ile inapita katikati ya migomba na kahawa, nyumba ziko ndani huwezi kuziona, unaona moshi tu. Tulivyozidi kupanda ukungu ukawa mzito. Nilikuwa naona koti la Sifael na taa nyekundu chini yake, basi. Sauti ya injini yao ilikuwa inanifikia kutoka mbele na pia kutoka pembeni, bondeni, kana kwamba kuna mwingine anapanda sambamba nasi. Nikajiambia ni mwangwi. Nilijiambia mara kadhaa.

Halafu sauti ikakatika. Haikukohoa sana, ilijikwaa mara mbili, ikanyamaza. Nami nikazima yangu, sijui kwa nini. Hapo ndipo nilipojua ukimya wa mlimani ukoje. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye majani ya migomba, na zaidi ya hapo hakuna kitu. Nilipotazama pembeni nikaona gogo la mringaringa. Kando ya gogo alikuwa amesimama mwanamke mzee, amejifunga shuka kifuani, viatu vya mpira miguuni, hana fimbo. Alikuwa anatusubiri.

"Shikamoo mama," nikasema. Hakujibu. Sijui kama alinisikia. Alitembea moja kwa moja mpaka kwenye pikipiki nyekundu, akapitisha mkono katikati ya mapaja ya mwanawe, akauweka juu ya tenki, akasema maneno machache kwa Kimeru. Alisema kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayemuuliza mwenzake wa ndani ya nyumba kama maji yamechemka. Kisha akainamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza.

Nilimsogelea Joel. "Amesema nini?"

"Anamuuliza kama amekuja naye."

"Na nani?"

"Sijui, dada. Anauliza hivyo kila siku."

Sifael alikuwa amesikia, na Kimeru ni lugha yake. Alishuka taratibu, akamsalimia mama kwa Kimeru huku ameinamisha uso, akafungua mfuko wake wa zana. Mikono yake ilipogusa spana ilitulia. Kila mtu ana mahali pake pa kujificha.

Akamwambia Joel amshikie pikipiki. Akatoa plagi, akaiegemeza kwenye injini, Joel akapiga kiki: cheche ikaruka, ya bluu, safi. "Moto upo," Sifael akasema, kwa nafsi yake. Akaweka kidole gumba kwenye tundu la plagi, Joel akapiga kiki tena, kidole kikasukumwa. "Pumzi ipo." Akarudisha plagi, akapiga magoti, akalegeza skrubu ndogo chini ya kabureta, pale petroli inapotakiwa kumwagika.

Haikumwagika. Lilitoka tone moja, likaning'inia, likaanguka.

"Mafuta hayashuki," akasema. "Na tenki limejaa."

"Limejaa, umeniona najaza," Joel akasema.

Sifael alibaki amepiga magoti, anatazama lile tundu kavu. Nilimwona anafikiri, na nikaona pia wakati fikra ilipomfikia, maana alifumba macho. Akainuka. Akaushika mkono wa mama kwa heshima, akausogeza pembeni. Akashika kifuniko cha tenki, akakizungusha.

Tenki likavuta pumzi.

Sina njia nyingine ya kusema. Ilikuwa pumzi ndefu, ya kwenda ndani, ya mtu aliyezama akaibuka. Mama Magreth akafumba macho. "Mmemsikia?" akasema, mara hii kwa Kiswahili, kwetu sote. "Ndivyo anavyofanya." Joel alirudi nyuma akakanyaga mguu wangu. Mimi nilikuwa nimeshika mkoba wangu kwa mikono miwili, utadhani kuna mtu anataka kuniibia.

Sifael hakutazama tenki. Alikuwa amegeuza kile kifuniko, anatazama upande wake wa ndani. Nilisogea, nikakiona. Katikati, pale kila kifuniko kinapokuwa na tundu dogo la kupitisha sindano, palikuwa na kidonge cha kijivu, kigumu, kimesuguliwa kwa msasa mpaka kikalingana na chuma. Kazi nzuri sana. Hapa Arusha ni mtu mmoja tu anayesugua gundi kwa msasa mahali ambapo hakuna atakayepaona.

Na gundi ile naifahamu. Ile ya chuma, ya tyubu mbili, unachanganya. Nilimuuzia mimi.

Nikakumbuka yote, kama nimeletewa kwenye sahani. Nelson amesimama pale mlangoni kwangu, analalamika: barabara ya kwao ni ya mteremko mkali, tenki likijaa petroli inatoka kidogo kwenye kifuniko, inarukia madumu, na kule kituoni wanafungua, wananusa, wanasema maziwa yako yana petroli, rudi nayo. Maziwa ya mama, ya jirani, ya nusu ya kijiji. Fundi, niokoe. Na Sifael, ambaye mama yake naye alikuwa anapeleka maziwa yake kwa dumu la Nelson, alimwokoa. Alibadilisha na mpira wa kifuniko. Kazi ya dakika tano, na walikuwa wanacheka. Breki aliigusa tu baadaye, kwa kuwa pikipiki ilikuwa iko pale.

Sasa nilielewa. Tenki likijazwa mpaka juu, linabakiza hewa kidogo. Petroli inashuka, hewa mpya haina pa kuingilia, na mwisho tenki linaishika petroli, haliiachii. Kwa mwendo uleule, mlima uleule, inakata palepale. Ukingoja, hewa inajipenyeza polepole, inawaka. Na kila ilipofika Sakina, tenki likiwa nusu, fundi wangu mwenye desturi yake alikuwa anafungua kifuniko kwanza kabla ya kutafuta ugonjwa. Kwa mkono wake mwenyewe alikuwa anautoa, halafu anautafuta.

Joel akapiga kiki. Ikawaka mara moja.

"Fundi! Umeiweza!" Alicheka kwa nguvu, cheko la mtu aliyeogopa miezi mitatu. "Ilikuwa nini?"

Sifael alikuwa amefumbata kifuniko kwenye ngumi. "Funika tenki na kitambaa," akasema. "Mpeleke mama nyumbani. Tunakuja."

Mama Magreth aliitazama pikipiki inayonguruma, akamtazama Sifael kwa muda mrefu, akapanda nyuma ya mwanawe. Wakapotea kwenye ukungu. Tukabaki wawili na gogo.

Sijivunii nilichosema hapo, lakini nitakisema. Nilisema, "Nyamaza. Sema ilikuwa uchafu kwenye bomba. Nunua kifuniko kipya, hiki kitupe bondeni. Nani atajua?"

"Wewe unajua," akasema.

"Mimi sitasema."

"Na wanasema alikuwa amelewa, Ruth."

Miaka kumi na tisa ameniita dada Ruth. Siku hiyo aliniita Ruth. Nilikuwa na hasira naye, hasira kweli kweli, kwa sababu alikuwa na haki, na kwa sababu gundi ilikuwa yangu.

Akatoa kisu mfukoni, akaenda kwenye mpaka wa shamba la kina Joel, akakata jani la isale. Isale ni ule mmea wa majani marefu wanaoupanda mipakani na makaburini. Nimeolewa Arusha miaka ishirini, najua maana yake. Mtu aliyekukosea akikuletea jani la isale, hulikatai. Unaweza kulia, unaweza kumtukana mpaka sauti ikauke, lakini unalipokea, na ukishalipokea umesamehe, hata kama moyo bado uko njiani. Ndiyo maana halikatwi ovyo. Sifael alilikunja, akalifunga fundo, kisha tukapanda kwa pikipiki yangu.

Tulimkuta Mama Magreth nje ya jiko, amekaa kwenye kigoda, anamenya ndizi mbichi kwenye beseni la maji. Joel alikuwa anafunga madumu. Mama aliinua macho, akaona kilichokuwa mkononi mwa Sifael, na kisu chake kikasimama katikati ya ganda.

Sifael akapiga magoti kwenye tope.

"Mama, ile pikipiki niliiziba mimi."

"Uliiziba nini?"

Akafungua ngumi, akamwonyesha. Alieleza polepole, kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie. "Tenki linataka kupumua, mama. Petroli ikishuka, hewa lazima iingie. Nelson aliniambia maziwa yananuka petroli, wanayakataa. Nikaziba hapa. Nilijua tundu ni la nini. Nilijua, nikasema si kitu, ni tundu dogo."

Joel aliacha madumu.

"Likizibwa inafanyaje?" mama akauliza.

"Inazima. Pale kona."

"Hata siku ile?"

"Hata siku ile. Ilimzimikia katikati ya barabara. Alikuwa anapiga kiki, mama. Lori halikumsikia kwa sababu injini ilikuwa kimya."

Kulikuwa na kuku mmoja anaparua karibu na beseni, nakumbuka nilimtazama yeye kwa sababu sikuweza kumtazama mtu.

"Kwa hiyo hakuwa amelewa," mama akasema.

"Hakuwa amelewa."

"Wala hakusimama makusudi."

"Hapana, mama. Alikuwa anarudi nyumbani."

Akanigeukia mimi. "Na huyu ni nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema naitwa Ruth, ni jirani yake. Mdomo wangu ukasema, "Gundi niliiuza mimi." Nikajikuta nimepiga magoti kando ya Sifael, sketi yangu kwenye tope, mimi ambaye sikuwa nimepanga kitu kama hicho.

Mama Magreth hakulia. Aliweka ndizi kwenye beseni, akafuta kisu kwenye shuka lake, pande zote mbili.

"Mchungaji aliniambia niache kwenda pale kona," akasema. "Joel naye aliniambia, anadhani nimechanganyikiwa. Niliwaambia siendi kulia. Nilikuwa naenda kumuuliza mwanangu nani alimsimamisha pale. Hakunijibu. Toka mdogo alikuwa hivyo, ukimuuliza kakosa nani, hasemi mtu. Nikamwambia, sawa, kama huwezi kumtaja, mlete."

Sifael aliinua uso. Sitausahau uso ule.

"Nikawa namuuliza kila siku, umekuja naye? Ananyamaza. Nampa muda, halafu anaondoka. Leo nimemuuliza, akavuta pumzi. Halafu nikakutazama wewe."

Akanyoosha mkono wake uliolowa utomvu wa ndizi, akalipokea lile jani, akalishika mapajani.

"Umechelewa sana njiani, Sifael," akasema. "Anakuleta toka mwezi wa tano."

Kisha akaokota kisu, akamwambia Joel aongeze ndizi nyingine kwenye beseni, kwa sababu tuna wageni.